Mkono wa Mchinjaji Shuaibu Warudi Kwenye Sinia

Saa moja asubuhi, Mlingotini. Shuaibu Dadi ananoa kisu uani kwa Bi Somoe, ambako leo kuna walima, karamu ya harusi. Ng'ombe anacheua taratibu, ameshapata chanjo ya kimeta. Shuaibu anaimba. Sauti yake ni mbaya, nasema kweli, lakini hakuna anayemnyamazisha.

Ana haki ya kuimba. Hii ni mara ya kwanza kuitwa kuchinja tangu augue kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu.

Siku alipoambukizwa, ng'ombe wa jirani alianguka ghafla malishoni, Shuaibu akaitwa mbio amuwahi asije akawa mzoga. "Nikapiga bismillahi, nikachinja. Niliwaza nyama iwe halali tu, ugonjwa sikuuwaza," anasema.

Damu ilitoka nyeusi, haigandi. Wakaingiwa na shaka, bwana mifugo akaitwa na ng'ombe akafukiwa mzimamzima, bila kuchunwa. Lakini baada ya siku chache kidonda kikamtoka Shuaibu mkononi, katikati cheusi kama mkaa. Hospitalini alipewa antibiotiki, akamaliza dozi, akapona.

Maneno ndiyo hayakupona. Mtu alisoma kwenye simu kwamba kimeta ni silaha, kwamba ng'ambo vimelea vyake viliwahi kutiwa kwenye bahasha vikaua watu. Shuaibu akabandikwa jina la Bomu. Kwenye shughuli akawa anatengewa sahani ya peke yake.

"Hilo liliniuma kuliko kidonda," anasema akicheka. "Kidonda chenyewe hakikuuma."

Mkewe, Batuli, hakucheka. Alikwenda kumwomba Daktari Khairiya, aliyemtibu mumewe, aje kwenye mkutano wa kijiji.

"Silaha hutengenezwa kwa vimelea vilivyofanywa unga ili watu wavute puani," daktari aliwaambia. "Hata waliouvuta hutibiwa kwa antibiotiki, wakiwahiwa. Huyu wenu amepona, haambukizi mtu. Mpeni mkono."

Wa kwanza kuutoa mkono alikuwa Bi Somoe, yule yule aliyeanzisha ile sahani ya peke yake. Ndiye pia aliyemwita leo achinje.

Mchana pilau linapakuliwa. Shuaibu ananawa, anasimama pembeni kama alivyozoea.

"Shuaibu mwanangu, unangoja nini? Kaa na wenzio," anasema Bi Somoe.

Wanaume watatu wanasogea, wanampisha kwenye sinia. Idi ijayo, Shuaibu anawaambia, hachinji mnyama asiyechanjwa, na ng'ombe atakayeanguka ghafla aitiwe bwana mifugo. Wanaitikia huku wanatafuna.

Kisha anauingiza mkono wenye kovu kwenye wali, moja kwa moja hadi katikati, kwenye mnofu. Wenzake wanamzomea kwa ulafi wake. Hakuna anayeondoa mkono wake.