Dakika Kumi na Moja za Betri

Sista alistaafu uuguzi miaka sita iliyopita, lakini hakuna aliyekumbuka kuacha kumwita Sista, hata ndugu zake wa tumbo moja. Laptopu yake ilipoanza kuzimazima, alifanya alichokifanya wodini miaka thelathini na miwili: alichukua karatasi, akaichora mistari, akaanza kuandika hali ya mgonjwa kila nusu saa.

Fundi kompyuta, ambaye kibanda chake kilitazamana na geti lake, aliisoma karatasi hiyo sebuleni akiwa amesimama.

"Saa tatu kamili, taa ya chaji inawaka, waifai hakuna. Saa tatu na nusu, chaja imechomolewa, waifai ipo." Akainua macho. "Presha je, Sista, hukumpima?"

"Hana mkono."

"Mimi naona tubadilishe chaja, tubadilishe betri, tuifute yote tuanze upya. Tumalize kazi."

"Ukimpa mgonjwa dawa tatu kwa mpigo akapona, utajua ipi imemponya?"

"Si kapona?"

"Na akifa?"

Fundi alivuta stuli akakaa.

Wakaenda na kimoja kimoja. Walizima kidude cha waifai, wakakiwasha. Waliihamishia laptopu dirishani, kisha jikoni. Walijaribu soketi zote za nyumba, hata ya nyuma ya kabati. Kila hatua Sista aliiandika. Karibu na saa sita ukweli ukajulikana: chaja aliyonunua baada ya ile ya asili kuungua ilikuwa ya ovyo, na kila ilipochomekwa iliivuruga waifai. Ikichomolewa, waifai ilirudi kama mtu aliyetoka dukani tu. Ila betri nayo, hata ikijaa kabisa, ilidumu dakika kumi na moja. Sista alipima mara mbili kwa saa yake ya kubandika kifuani.

"Chaja ya maana nitakuletea kesho kutwa," alisema Fundi, akifunga begi aende kwa wateja wengine.

"Kikao ni leo saa nane."

"Basi ongea haraka."

Kikao kilikuwa cha ndugu watatu, kwa video, kuhusu mama yao. Mama alikuwa akikaa kwa Kaka, mkubwa wao, na Kaka alitaka sasa awe anazunguka: miezi mitatu kwake, mitatu kwa Dada, mitatu kwa Sista. Sista alitaka mama aje kwake asihamishwe tena. Aliwaona wazee wengi wakihamishwa wodi, na kila kuhama kuliwapunguzia kitu. Leo jina la mjukuu, kesho njia ya chooni. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haionyeshi sura ya mtu. Na Kaka alikwisha kutangaza kwamba asiyeonekana kikaoni amekubaliana na wenzake.

Tena Sista alikuwa mziwanda, na katika ukoo wao mziwanda husema mwisho.

Saa nane kamili alichomoa chaja.

"Ndugu zangu," Kaka alianza, "kwanza kabisa, hali zenu."

Dakika ya nne alikuwa bado kwenye habari za mvua. Dakika ya sita alimwomba Dada aeleze goti lake linaendeleaje, na Dada akaeleza, akalisogeza na kwenye kamera. Dakika ya tisa Kaka alivaa miwani, akafungua daftari lenye ratiba ya zamu.

"Kaka, naomba niseme."

"Mdogo wangu, zamu yako itafika."

"Haitafika."

Tangu azaliwe Sista hakuwahi kumkatisha Kaka.

"Mama si mpira wa kupasiana. Anakuja kwangu na habanduki. Chumba kiko chini, hakina ngazi, choo ni hatua sita. Nimeuguza mama za watu miaka thelathini na miwili, wangu nikimwona siku za likizo. Jumamosi namfuata, na kama kuna mwenye pingamizi..."

Kioo kikawa cheusi. Ndani yake akajiona mwenyewe, mdomo wazi.

Alikaa hivyo, mikono mapajani, mpaka simu ya vitufe ilipoita baada ya dakika ishirini.

"Sista," Kaka alisema kwa sauti ya chini, "hasira zote hizo za nini?"

"Hasira gani?"

"Umetufungia mlango usoni. Dada kanipigia analia. Hatukujua jambo hili linakuuma kiasi hicho. Basi, tumekubali. Jumamosi."

Sista aliitazama laptopu. Ingechukua sentensi mbili kueleza habari za chaja.

"Asante, Kaka," alisema.

"Ila unajua siku hizi hakubali kuoga mpaka umwimbie?"

"Najua."

"Na si wimbo wowote. Ni ule aliotulalishia sisi. Ukiruka mstari anatoka bafuni vilevile alivyo."

"Najua, Kaka."

Hakuwa akijua. Alikata simu, akajaribu wimbo kwa sauti ndogo. Ubeti wa kwanza ulikuja wote. Baada yake hapakuja kitu, maana enzi hizo kila mara usingizi ulimchukua hapo hapo. Akaurudia mara nne, kisha akampigia Dada.

"Dada, futa machozi," alisema. "Ubeti wa pili unaanzaje?"