Nilivyofunga tairi za lami kwenye mountain bike, Sumbawanga ambako lami yenyewe ilikuwa ya kutafuta

Habari za mchana wakuu.

Jana kuna mwenzetu aliuliza humu kama inafaa kutoa tairi za meno kwenye mountain bike na kufunga zile laini za barabarani, ili aendee kazini. Wengi mmemjibu vizuri. Mimi naomba nijibu kwa kirefu, maana niliwahi kufanya hivyo na yaliyonipata sijayasimulia kwa watu wengi. Chumvi sitaongeza, iliyopo inatosha.

Twende.

Miaka hiyo soko huria limeshashika kasi, mitumba inafika mpaka kwetu Sumbawanga. Nguo, viatu, redio, baiskeli.

Nilikuwa kijana, mhudumu wa zahanati moja ya kijijini, njia ya kuelekea ukingo wa bonde la Rukwa. Kutoka mjini ni kama kilomita kumi na nane. Chumba cha mtumishi kilikuwepo pale pale zahanati, ila nilikikataa. Nilijiona mtu wa mjini. Huo mjini wenyewe nilikuwa na godoro na jiko la mchina.

Nikanunua mountain bike ya mtumba. Gia ishirini na moja, zinazofanya kazi tatu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa siku ya kliniki: kubeba kasha la chanjo lenye barafu kutoka stoo ya mjini hadi zahanati. Msimamizi wangu alikuwa Nesi Leokadia, mama wa makamo, Mfipa wa pale pale, mpole mpaka uchelewe. Na mimi nilikuwa nachelewa. Zile tairi za meno zilinguruma njia nzima kama mashine ya kusaga, nafika miguu inatetemeka.

Siku moja kwenye rundo la mitumba nikaokota gazeti la kizungu. Ndani kuna picha ya jamaa kafunga tai, yuko kwenye mountain bike yenye tairi laini, anaenda ofisini, hana hata tone la jasho. Nikasema huyu ni mimi.

Sikujiuliza huyo jamaa anapita wapi. Lami ya kwetu enzi hizo ilikuwa kipande tu, ukipiga chafya umeimaliza.

Nikakimbilia dukani, nikanunua tairi za baiskeli za kawaida zimeandikwa 26, kwa sababu na zangu zimeandikwa 26. Nikampelekea fundi Deo, aliyekuwa na banda lake karibu na soko. Akavalisha, zikapwaya kama suruali ya kuazima.

"Ndugu yangu, 26 hii na 26 ile hazijuani," akaniambia.

(Kwa anayeuliza: ndiyo, mpaka leo ni hivyo. Usiangalie namba moja tu, angalia na kipimo cha rimu.)

Wiki kadhaa baadaye Deo akapata mbili laini kutoka kwenye baiskeli ya mtumba iliyovunjika fremu. Nikazichukua, nikamwachia zangu za meno. Zote mbili. Kwa moyo mkunjufu.

Wakuu, nisiwe mnafiki, kiangazi zile tairi zilikuwa raha. Udongo wa Ufipa ukikauka unakuwa kama sakafu. Nilikuwa nateleza kimya kimya, nafika kabla Nesi hajafungua dirisha. Akaanza kunisifia mbele ya kina mama. Nikaanza na mimi kufunga tai.

Njiani nilikuwa nakutana na Mzee Ponsiano, mkulima wa mahindi na ulezi, na mkokoteni wake wa ng'ombe. Siku moja akanisimamisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona siku hizi unapita kama umetumwa?"

Nikampa somo la msuguano, kitaalamu kabisa. Akasikiliza mpaka mwisho, akainama, akapapasa tairi.

"Imeisha hii."

"Haijaisha mzee, ndivyo ilivyotengenezwa."

"Basi wameitengeneza ikiwa imeisha," akasema, akaswaga ng'ombe wake.

Nikacheka sana. Mzee wa watu, nikasema, hajui mambo.

Novemba ikaingia. Mvua ya kwanza ilipiga usiku kucha, na asubuhi yake ilikuwa siku ya kliniki. Nikafunga kasha kwenye keria, nikaondoka na tai yangu.

Kuna mteremko wa udongo mwekundu kabla ya daraja la magogo. Nilipogusa breki ya nyuma, baiskeli ikageuka ubavu na kuendelea na safari hivyo hivyo. Mimi nikaenda upande wangu. Nilipoinua uso niko mtaroni, mdomo umejaa udongo, na kasha limefunguka. Chupa za chanjo zimetapakaa kwenye matope, nyingine zimepasuka.

Hapo kicheko kiliniisha, wakuu.

Aliyenikuta ni Mzee Ponsiano. Alinisaidia kuokota, akapakia baiskeli, akanipakia na mimi. Ndivyo nilivyoingia zahanati: nimekaa kwenye mkokoteni, nimekumbatia kasha, tai imegeukia mgongoni. Kina mama walicheka mpaka watoto wakaamka.

Nesi Leokadia hakucheka. Alifungua kasha, akatazama, akafunga.

"Hizi siziingizi kwenye mwili wa mtoto wa mtu."

Wengi walikuwa wa karibu, wakaambiwa warudi wiki inayofuata. Akabaki mmoja, Kabula, mama wa Kisukuma kutoka jamii za wafugaji kule bondeni, upande wa Milepa. Zahanati ya kwao ilikuwa imeishiwa chanjo, na boma la jirani surua imeshaingia. Alikuwa amepanda mlima na mtoto mgongoni tangu jana yake. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Sasa mimi nirudi naye hivi hivi?"

Nesi akamwambia atalala kwake. Kisha akanitazama mimi.

Nilitembea mpaka mjini kwa miguu, mvua juu yangu. Mwenye stoo alinisema nikakubali yote. Alfajiri nikaondoka na kasha jipya kichwani, mguu kwa mguu, kilomita zote kumi na nane. Kwenye ule mteremko nilishuka kwa makalio.

Nilipofika, Nesi alimchoma mtoto, mtoto akapiga yowe. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Kabula alimfunga mwanawe mgongoni, akaangalia miguu yangu iliyovimba. "Kumbe unaweza kutembea," akasema, akaondoka.

Baada ya miezi miwili alirudi na kibuyu cha maziwa mgando. Mtoto mzima. Boma la jirani walikuwa wamezika mmoja. Nilimwambia pole.

Mimi mwezi ule ule wa ajali nilikuwa nimeshahamia kile chumba cha zahanati. Hadi mvua zilipoisha nilikuwa nafuata chanjo kwa miguu, naondoka siku moja kabla.

Funzo langu kwa aliyeuliza: tairi laini ni nzuri, usiogopeshwe. Ila kabla hujafunga, pita kwanza njia yako yote wakati wa mvua, na ufikirie umebeba nini na nani anakusubiri. Mimi nilifikiria tai.

Wenye uzoefu wa tairi na matope karibuni mshushe maoni. Wa kucheka nao wacheke, nilishazoea tangu siku ya mkokoteni.