Mtoto Wangu Anasomea Nyumbani, na Kuna Barua Nimemficha Babake

Admin, nifichie jina tafadhali. Majirani wangu wa mtaa wa Kibomet wanafuata ukurasa huu na sitaki wanijue.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, fundi wa nguo hapa Kitale. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Myanga, Bungoma, kwa hivyo wiki yote yuko huko, nyumbani anakuja Ijumaa. Tuna mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi. Nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Neema ana kifafa.

Mpaka gredi ya tatu alikuwa anaenda shule kama wengine. Nilimweleza mwalimu wake hali yake, nikamwonyesha vile anafaa kulazwa kwa ubavu akianguka, naye akaitikia vizuri. Siku moja asubuhi nilikuwa nampima mteja, msichana wa darasa lao akaja mbio. Akasema, "Mama Neema, Neema ameanguka na mwalimu ametutoa wote nje."

Nilienda na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Nilikuta darasa zima liko uwanjani, wengine wanacheka, wengine wanalia. Mlango ulikuwa umefungwa komeo kutoka nje. Nilifungua mwenyewe. Mtoto wangu alikuwa sakafuni katikati ya madawati, peke yake, ameuma ulimi, damu kwa sweta, amejikojolea. Alikuwa ameshazinduka. Alikuwa amelala tu hapo akiangalia mlango.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini alifunga. Alinijibu bila kuniangalia, "Mama Neema, niko na watoto arobaini. Wazazi wao wanaogopa wataambukizwa. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Neema hakulia njia nzima. Tulipofika nyumbani nikimwosha ndio aliniuliza, "Mama, walikuwa wanaogopa nitatoka?"

Sikumrudisha tena. Najua huku kwetu watu wakisikia mtoto anasomea nyumbani wanafikiria ni watoto wa matajiri, au watu wa dini fulani. Mimi niliishia fomu ya pili tu. Nilinunua vitabu, nikaweka meza ndogo kando ya cherehani. Asubuhi tunafanya hesabu, mchana ananisomea kwa sauti nikishona. Babake alikubali wakati huo, kwa sababu yeye pia aliona ile sweta. Akija Ijumaa anasahihisha kazi ya wiki. Mwaka wa kwanza ulienda vizuri, sitadanganya. Neema alielewa kugawanya kwa kukata vitambaa, na alianza kucheka tena.

Shida ilianza mwaka huu, gredi ya tano. Hesabu zimenipita. Kuna mahali nilimfundisha vibaya wiki mbili nzima bila kujua. Babake alipofungua daftari akaanza kukosoa, ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Neema akasema pole pole, "Lakini Mama alinionyesha hivyo." Babake alingoja mpaka mtoto akatoka nje.

"Unampenda mpaka unamharibia," akaniambia. "Mimi ni mwalimu, bana. Watu wakiniuliza mtoto wangu anasoma wapi, niseme ati anasoma kando ya cherehani? Ijumaa ijayo nikija namchukua, Jumatatu naenda na yeye Myanga. Atasoma kwa shule yangu."

Nikamuuliza, "Walimu wenzako umewaambia ako na kifafa?"

Akafunga daftari. "Si lazima wajue. Dawa atameza nyumbani. Yeye asiseme tu."

Miaka hii yote hajaambia mtu hata mmoja huko. Mamake mwenyewe anajua ati Neema husumbuliwa na kizunguzungu. Sasa mtoto akianguka huko mbele ya watu ambao hawajui chochote, nani atamlaza kwa ubavu?

Lakini nisijifanye malaika. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki. Daktari aliangalia kadi yake, akaona ni karibu mwaka mzima hajaanguka. Akaniambia, "Mama, dawa inafanya kazi. Huyu arudi shule. Walimu waambiwe ukweli, na wafunzwe cha kufanya." Akaniandikia barua ya kupeleka shuleni. Neema alikuwa nje kwa foleni ya dawa, hakusikia. Hiyo barua iko ndani ya boksi ya nyuzi mpaka leo. Nilijiambia nangoja nipate shule nzuri. Sijatafuta hata moja. Nikiwaza kumwachilia mkono kwa geti, nairudisha barua kwa boksi.

Sijui tena kama namlinda yeye au najilinda mimi. Nikitoa barua, babake atasema, "Unaona, amepona," ampeleke Myanga na kumfunga mdomo. Nikiendelea kuificha, namwibia mtoto shule na marafiki. Jana nilimkuta kwa dirisha watoto wakitoka shule. Nikamuuliza kama anataka kwenda na babake. Alifikiria sana, kisha akasema, "Nitaenda kama nitaruhusiwa kuwaambia. Nisiposema nitakuwa naogopa siku yote."

Nilirudi kwa cherehani nikakanyaga bila uzi.

Babake anakuja Ijumaa kumchukua. Wazazi wenye mtoto kama wangu, nyinyi mlimwachiliaje? Na mwanaume anayeonea aibu ugonjwa wa mtoto wake anaambiwaje akasikia, wakati hata mimi nimemficha barua? Semeni ukweli hata kama ni mimi mwenye makosa. Nifanye aje kabla Ijumaa ifike?