Vidonge Vilivyoisha kwa Dakika Hamsini

Saa mbili kasoro asubuhi, ukungu haujainuka juu ya Lushoto, na Evelina Singano anatoboa kidonge. Amevaa koti jeupe juu ya sweta mbili. Ndani ya tundu anatia chembe ya sumaku iliyo ndogo kuliko mbegu ya mchicha, anaziba kwa nta, kisha anakishusha kidonge kwenye gilasi ya maji yenye joto la mwili wa mtu.

Chini ya gilasi kuna kihisi, kidude kinachotambua sumaku iko umbali gani. Kidonge kinapolika, sumaku inashuka, na mstari kwenye kompyuta unashuka nayo.

"Maneno ya kwenye boksi siyafuati," anasema. "Nausoma mstari."

Evelina, mwenye miaka 41, ni fundi wa maabara ndogo ya chuo kimoja wilayani hapa. Kwa miaka sita amepima vidonge vinavyoachia dawa polepole, vile ambavyo mgonjwa humeza kimoja asubuhi kimfikishe jioni. Vingi huwa vya wanafunzi wanaojifunza kuvitengeneza.

Alivyopima Machi mwaka huu vilikuwa vya mdogo wake.

Shukrani, aliyekuwa na miaka 26, alilima kabichi Mlalo na alikuwa na kifafa tangu utotoni. Miaka minne dawa ilimtuliza, hata akapeleka posa. Kisha duka la dawa alilozoea kule Mombo likampa vidonge vya jina lilelile, lakini boksi jingine.

"Shikamoo dada," alimwambia kwenye simu. "Hivi vipya vinanilevya asubuhi, naona vitu viwiliviwili. Ikifika alasiri ni kama sikumeza kitu."

Evelina akamwagiza alete vinne. Mstari uliopaswa kushuka taratibu kwa muda wa saa kumi na mbili ulianguka ndani ya dakika hamsini. Vyote vinne vilikuwa hivyo.

"Nikadhani kifaa kimeharibika," anakumbuka. "Nikapima kimoja cha boksi la zamani. Kikaenda mpaka jioni. Hapo nikajua."

Alikwenda na karatasi za vipimo kwa mkuu wa maabara, Abubakari. Mzee huyo alizisoma mara mbili.

"Ninakuamini, Evelina," alimwambia. "Lakini kifaa hiki ni cha kufundishia, hakina kibali. Huwezi kumfungia mtu duka kwa sumaku."

Wakaandika barua kwa mamlaka inayosimamia dawa. Jibu lilitaka vidonge thelathini vya toleo moja, yaani vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, vikiwa bado vimefungwa.

Daktari aliyemtibu Shukrani naye alionya kwamba asiache dawa ghafla, kwani degedege lingeweza kumjia mfululizo. Afike kliniki baada ya siku kumi na mbili, dawa nyingine itakuwa imefika.

"Nikamwambia aendelee kumeza," Evelina anasema, akifuta gilasi ambayo tayari ni safi. "Ni mimi niliyemwambia."

Siku ya tisa, saa kumi jioni, Shukrani alianguka kwenye mfereji wa kumwagilia kabichi. Maji yalikuwa na kina cha shubiri moja. Mama yao, Marta, alimwona kwa mbali akadhani ameinama kuondoa majani.

Baada ya maziko mama aliuliza swali moja tu. "Evelina, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Tangu siku hiyo huzungumza habari za kuni, za kanisa, za mvua. Jina la Shukrani halitajwi.

Hakuna ofisi iliyothibitisha kwamba vidonge ndivyo vilivyomuua, na huenda isithibitishe kamwe. Toleo lile limekwisha dukani. Evelina alinunua la sasa akalipima: linakwenda saa kumi na moja na nusu, vizuri kabisa.

"Ningepaswa kufurahi," anasema. "Lakini sasa naonekana nilizua."

Kwenye kopo ana vidonge kumi na kimoja ambavyo Shukrani hakuwahi kuvimeza, bado vimefungwa kwenye pakiti zake. Alijaribu kutafuta vingine kwa wagonjwa, akarudi mikono mitupu, kwa sababu walio hai huvimaliza. Vinavyosalia viko kwenye nyumba ambazo mgonjwa alikufa kabla havijaisha. Nyumba moja ya Mlalo ilimpa vinane. Ili vitimie thelathini, bado kumi na kimoja.

Jumamosi hii atakwenda Mponde. Ameambiwa kuna mama, Bi Halima, ambaye binti yake Nasra, mchuma chai aliyekuwa akimeza dawa hiyohiyo, alifariki mwezi wa tano. Evelina hamfahamu, wala hajui atapokewaje.

"Nitaamkia, nitatoa pole, nitakaa," anasema. "Vidonge nitaviulizia nikiwa nimesimama kuondoka."