Kigingi Kwenye Fizi ya Mjukuu Wangu

Tulikuwa watano mle chumbani. Mimi, mwanangu, anayelima maharage kule Akheri, mtoto wake wa kiume, ndiye mwenye meno yenyewe, daktari wa meno, ambaye ni dada mmoja niliyeimba kwaya na bibi yake, na nesi wake, mkwe wa jirani yangu. Majina yao ninayo yote, mpaka ya ubatizo, ila mjukuu amenikataza kuyaandika.

Meno yake ya juu yalikuwa yametoka mbele, akicheka anaziba mdomo. Waya alishafungwa. Sasa daktari alitaka kuyavuta yarudi nyuma, akanieleza: ukiyafunga kwenye jino lingine, na hilo litasogea. Kwa hiyo anatia kiskrubu kwenye mfupa, katikati ya mizizi ya meno mawili, kiwe kigingi. Nikamwambia nimeelewa, hata ndama hatumfungi kwenye ndama mwenzake.

Shida ni nafasi. Kwenye picha, mizizi ile ilibanana kama watu kwenye benchi la kanisa siku ya Krismasi. Skrubu ikiingia kwenye mzizi, jino linaweza kuharibika. Ndiyo maana alichoma ganzi kidogo tu, ya kulaza fizi, ili mzizi ukiguswa ausikie, akamwambia kijana: ukisikia maumivu makali, inua mkono, nitaacha.

Sasa, kijana ametoka jandoni Desemba iliyopita. Hakupepesa jicho, na baba yake amelisimulia hilo mpaka sokoni Kwa Mrombo. Na baba huyo kasimama miguuni pa kiti, anamtazama.

Daktari akazungusha. Akauliza kama inauma. Kijana akakataa kwa kidole. Akazungusha tena, akasema skrubu imekuwa nzito. Kidole kikakataa tena. Mimi nikaona vidole vya miguu vimejikunja ndani ya soksi.

"Baba," nikamwambia mwanangu, "nenda nje kaangalie gari."

"Mama, gari nimelifunga."

"Kaangalie kama umelifunga."

Akatoka amenuna. Nikamwinamia kijana. "Mjukuu wangu, hapa hakuna wazee wa kukupima. Inauma?"

Mkono ukapaa.

Daktari akaacha, akapiga picha. Ncha ilishaegemea mzizi, ila haikuuumiza. Akaitoa skrubu, akahamia juu kidogo, pale mizizi inapoachana. Safari hii kijana aliinua mkono kabla kifaa hakijafika mdomoni, nesi akacheka mpaka akageukia ukutani. Walipotulia, skrubu ikaingia taratibu, na picha ya mwisho ikaonyesha imesimama katikati, upenyo huku na huku.

Baba yake aliporudi akauliza kama mtoto amevumilia. Daktari akamwonyesha zile picha mbili za skrubu, akamwambia angevumilia zaidi wangelipoteza jino. Mwanangu akazitazama. "Basi afadhali alisema," akasema.

Mjukuu anadai hakukunja vidole, na mwanangu anadai alitoka kwa hiari yake. Mimi nimeandika nilivyoona. Kama kuna mahali nimechanganya, nyie mnaotujua niambieni, nitapafuta.