Beseni la Maji kwenye Njia ya Mokambo

Donat alikuwa mtu wa kusikiliza magari. Katika garaji alimofanya kazi, karibu na reli ya Élisabethville, wenzake walishindana kwa kelele na nyundo zao. Yeye aliinamisha kichwa kando ya injini na kunyamaza, kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto aliyelala. Baba yake, Mluba, alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kutandika reli, akawaachia watoto wake ubatizo na mazoea ya kuamka kabla ya king'ora.

Mwaka wa 1954 Donat alikuwa na miaka thelathini, mke aitwaye Agnès, watoto wawili, na nyumba yenye mlango wa buluu, uliopakwa rangi iliyobaki garajini. Kitu kimoja tu alikuwa hajakiona: uso wa mama mkwe wake. Kwa watu wa Agnès, kijijini nyuma ya Mokambo, mwanamume hasimami mbele ya mama wa mke wake wala hasemi naye, mpaka siku mama mwenyewe atakapompa chakula kwa mkono wake. Hapo ndipo njia hufunguka. Mama Nkandu alikuwa hajaifungua. Miaka saba sasa, Donat alijua kikohozi chake, pindo la kitenge chake likipotea mlangoni, na ukuta wa nyuma wa nyumba yake.

Mnamo Septemba habari ilifika mjini kwamba Mama Nkandu ameanguka kutoka juu ya kichuguu kirefu kama nyumba alikokuwa akichuma majani, na mfupa wa nyonga umevunjika. Vijana walijaribu kumbeba kwa kipoyi, ile machela ya kuning'inia kwenye mti, wampeleke barabarani. Kabla ya kufika kijitoni alipiga makelele hadi wakageuka. Tangu hapo alisema atafia nyumbani kwake.

Garajini kulikuwa na kamyoneti moja ya Kimarekani, gari la mizigo lenye sakafu ya mbao nyuma, iliyotoka kutengenezwa, na mwenye garaji alitaka ijaribiwe safari ndefu. Donat aliomba aijaribu upande wa Mokambo, amlete mama mkwe wake hospitalini mjini.

Barabara kuu ilikuwa nzuri. Baada ya Mokambo waliingia njia ya msituni, kilomita kumi na nne. Miti ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, mekundu kabla ya kuwa kijani, na jua lilipopita ndani yake mikono ya Donat kwenye usukani ilikuwa myekundu pia. Agnès aliketi kando yake. Alikuwa akisikiliza godoro la nyasi walilotandika nyuma, likirushwa huku na huku.

Walipofika, Donat aliegesha gari likiwa limeipa nyumba ya Mama Nkandu mgongo, akaenda kuketi nyuma ya ghala la mahindi. Agnès aliingia kwa mama yake. Alitoka akiwa amebeba beseni jeupe lenye ua jekundu lililochorwa ndani.

"Mama anasema tujaze mayi," alimwambia mumewe. "Tuweke pale yeye atalala. Uende mpaka ku kichuguu kikubwa na urudi. Kama beseni inarudi bule, bila mayi, twende na gari yetu, tumuache."

Donat hakucheka. Mwanamke aliyebeba maji kichwani maisha yake yote alijua cha kupimia njia. Aliendesha polepole mno hata mbwa walimpita. Aliporudi, beseni lilikuwa na unyevu tu chini. Agnès alilichukua bila kumtazama, akaenda kulionyesha ndani. Kikohozi kilisikika, kisha Agnès akatoka na beseni, akashuka kijitoni kulijaza kwa jaribio la pili.

"Mulamu," aliita Mwansa, kaka mkubwa wa Agnès, ambaye kwa desturi ana ruhusa ya kumtania shemeji yake, "ku garaji banakufundisha kutengeneza magari ao kukoroga mayi?"

Donat alibaki ameegemea ghala. Mbele yake Agnès alikuwa anapanda kutoka kijitoni na beseni limejaa tena kichwani. Njia ile ilikuwa na mizizi na mawe, na kila mguu wake ulitafuta mahali pake: huu ulishuka, ule ulipanda, kiuno kikalegea katikati, na juu ya vyote maji yalitulia kana kwamba hayakujua kuwa yanasafiri. Donat alilitazama hilo kwa muda mrefu, au labda ni muda mfupi uliorefuka. Kisha akaenda akalala chini ya gari.

Nyuma, chini ya mbao, kulikuwa na chuma kirefu kilichopindwa ncha zote mbili, kikiunganisha upande wa gurudumu la kushoto na wa kulia. Garajini walikiita labare. Kazi yake ni kuzuia gari lisiinamie upande kwenye kona. Lakini hapa msituni, gurudumu moja liliposhuka shimoni, chuma kile kilitaka la pili lishuke nalo, na mwili wote wa gari ukatupwa.

Alifungua nati za ncha zote mbili, akakifunga chuma juu kwa vipande vya mpira wa ndani ya gurudumu ili kisigonge.

"Mnaona?" alisema Mwansa. "Muluba banamupa gari muzima, anaitoa matumbo!"

"Keti nyuma na beseni, mulamu," Donat alisema. "Kama inakumwangia mayi, utanitukana vizuri."

Walikwenda hadi kichuguu na kurudi. Magurudumu yalizama na kupanda, kila moja kwa zamu yake, na gari lilipita kati ya majani mekundu likiyumba taratibu kama mtu anayetembea usingizini. Mwansa alirudi akiwa ameduwaa na suruali kavu. Maji yalikuwa bado yamefunika ua lote.

Agnès alilipeleka beseni ndani. Safari hii alikaa sana. Alipotoka alisema, "Anakubali. Geuka."

Donat aligeukia msitu. Nyuma yake alisikia hatua za watu, pumzi ya mwanamke anayebana meno, mbao zikilia. Mbao zile zilikuwa za zamani, na mojawapo ilikuwa imekatika pembeni, ikaacha tundu la upana wa vidole vitatu.

Ziliwachukua saa tatu kufika barabara kuu. Mama Nkandu hakupiga kelele hata mara moja. Pale Mokambo Donat alisimamisha gari kivulini, na Agnès na Mwansa wakaenda dukani kununua mkate. Naye akachukua ufunguo wake wa nati, akalala tena chini ya gari kurudisha labare.

Alilala chali. Juu yake, upande wa pili wa mbao, mama mkwe wake naye alilala chali. Alianza kukaza nati ya kwanza.

"We mwenye iko chini."

Ufunguo ulibaki hewani.

"Unarudisha ile chuma?"

Angemwita Agnès ajibu, lakini Agnès alikuwa mbali, na maneno ya chuma yasingepita vizuri mdomoni mwa mwingine.

"Ndiyo, Mama."

"Ile yenye ilimwanga mayi yangu."

"Njo ile, Mama."

"Basi mushushe miye hapa hapa. Sitaenda."

Donat alifumba macho. "Mama, kule kulikuwa mashimo. Kila gurudumu ilitaka njia yake. Huku barabara iko sawasawa, gari itakimbia. Kama haina hii chuma, pa kona gari yote itainama upande moja, na weye utaviringika na godoro yako."

Majivu ya majani yaliyochomwa mahali fulani yalishuka barabarani bila haraka.

"Kama mulevi," ilisema sauti.

"Kama mulevi, Mama."

Alicheka, na maumivu yakakikata kicheko. Kisha: "Agnès alisema uko mutu munene. Lakini sauti yako iko ya mutoto."

"Agnès alinisifu tu."

"Unakula kule ku muji?"

"Nakula, Mama."

"Leo umekula?"

Donat alikumbuka kwamba hakuwa amekula. Alisema hapana.

Nguo ilichakarika juu yake. Katika tundu la ubao palitokea vidole viwili, vyembamba, vyenye jivu la jiko kwenye kucha, vikishika kipande cha kiazi kitamu kilichochomwa. Vilisubiri. Donat alipangusa mkono kwenye shati, haukutakata, akakipokea hivyo hivyo. Kiazi kilikuwa na ladha ya moshi na ya mafuta ya gari. Alikitafuna polepole, akitazama tundu ambalo sasa lilikuwa na jicho moja, la kahawia, lenye makunyanzi pembeni, likimtazama pia.

Agnès alipofika na mkate aliona miguu ya mumewe chini ya gari na kusikia kutafuna.

"We! Unakula nini? Nani amekupa?"

"Muache afunge chuma yake," Mama Nkandu alisema kutoka juu. "Funga sana, mukwe. Twende."