Damaris, anayewanyima watu chai ili mawe ya nyongo yaonekane

Saa moja asubuhi, karibu na soko la Keumbu, Damaris Mokeira amesimama katikati ya jiko la watu, amekumbatia chupa ya chai. Mwenye jiko, mchuma majani chai aitwaye Nyamoita, anacheka kwa aibu. Mgeni kukataa chai hapa ni utovu wa adabu. Kumnyima mwenyeji chai yake mwenyewe ni balaa!

"Leo hakuna kitu kupita mdomoni, dada. Maji tu," anasema Damaris.

Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii. Wiki hizi anawakusanya watu wazima, wenye afya na wagonjwa, wapigwe picha ya tumbo kwa mashine iliyoletwa katika ukumbi wa kanisa. Watafiti wanataka kujua ni wangapi wana mawe ya nyongo. Wengi wenye mawe hayo hawaumwi kamwe, kwa hivyo kuwahesabu wanaofika hospitalini hakutoshi.

Wiki jana aliwaagiza watu waje bila kula. Wakaapa hawajala. Kumbe walikuwa wameshiba ndizi na chai ya maziwa.

"Hawakudanganya," anasema Damaris. "Kwetu kama hujakula obokima, yaani ugali, bado hujakula."

Mtu akila, mfuko wa nyongo hunywea, na mawe huweza kujificha. Nyamoita alikuwa miongoni mwao. Miaka miwili ameumwa chini ya mbavu za kulia, akimeza dawa za vidonda vya tumbo bila nafuu. Picha ile ya wiki jana haikuonyesha kitu, na mama mkwe wake, Persis, akakata kauli kwamba ni uvivu.

Leo, ukumbini, mawe yanaonekana wazi, matatu. Nyamoita analia kwa furaha, furaha ya ajabu ya mtu aliyeambiwa ni mgonjwa.

"Si nilisema naumwa?"

Kisha anayelala kitandani kupimwa ni Persis, anayejigamba kuwa tumbo lake ni chuma. Naye anayo! Daktari anayepima anamtuliza kuwa yasiyouma huachwa tu. Ya Nyamoita yatahitaji upasuaji.

Damaris anapanga kumaliza kupimisha kijiji kizima kabla mashine haijaondoka. "Wanichukie kwa chai yao, lakini wapimwe," anasema.

Nje ya ukumbi, Nyamoita anawaza kwa sauti: nani atachuma chai akiwa hospitalini?

Persis anajishika ubavu usiouma.

"Niachie kikapu, mwanangu," anasema. "Nitachuma mimi."